Chuo hakitumi ripoti nyumbani

Mzazi wa Kitanzania huzoea kuagana na mtoto mapema. Wapo wanaompeleka bweni angali shule ya msingi. Wengine husubiri kidato cha tano, pale serikali kupitia TAMISEMI inapompangia mtoto wa Newala shule ya Tabora, na wa Bukoba akajikuta Songea. Ndiyo maana kijana anapopata chuo akiwa na miaka 19 au 20, majirani hushangaa kusikia kwamba mama yake halali. Si alishazoea kukaa mbali naye?

Lakini bweni lina matroni, lina mwalimu wa zamu, lina mkuu wa shule mwenye namba ya simu ya mzazi. Mtoto akiugua, nyumbani wanapigiwa. Akitoroka, mzazi anaitwa. Muhula ukiisha inakuja karatasi yenye alama za kila somo na maoni ya mwalimu wa darasa. Chuo kikuu hakina utaratibu huo. Kwa sheria ya Tanzania, aliyefikisha miaka 18 si mtoto tena, na chuo humchukulia hivyo tangu siku anaposajiliwa. Mzazi aliyekuwa akipata habari zote kutoka kwa mwalimu sasa atajua yale tu ambayo mwanawe ataamua kumwambia.

Badiliko hilo ni kubwa kuliko umbali wa safari, na wazazi wengi huingia humo bila kuandaliwa na mtu.

Miezi ya makaratasi

Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Katikati hapo maelfu ya vijana huitwa kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Kijana yuko Rwamkoma, Mgambo au Ruvu, kumpata kwenye simu ni kazi, na huku nyuma muda wa kuomba mkopo unakwenda.

Hapo mzazi huwa ndiye mikono na miguu ya mwanawe. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Fomu ya mkopo inataka mdhamini, picha yake na kitambulisho chake, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na saini ya kamishna wa viapo. Jina likisomeka Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Muhamedi kwenye cheti cha kidato cha nne, inabidi kutafuta wakili wa kuandika kiapo. Mama mjane hufungua tena mfuko wa nailoni uliofichwa chini ya nguo, akatoa cheti cha kifo cha mumewe, kwa kuwa nacho kinahitaji kuhakikiwa. Kwa baadhi ya familia, hiyo ni mara ya kwanza karatasi ile kushikwa tangu mazishi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Si kila anayeomba hupata, na anayepata si lazima apewe fungu lote. Majina hutoka kwa awamu, nyingine zikitangazwa wakati vyuo vinakaribia kufunguliwa, na kwa wiki hizo familia nzima huishi bila kujua iuze nini au ibakize nini.

Majira ya kilimo nayo yana neno lake. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, kwa hiyo mkulima wa Simiyu hushika fedha mapema, na kazi yake ni kuzilinda zifike Oktoba zikiwa bado zipo. Kahawa ya Kagera nayo huvunwa katikati ya mwaka. Kwa mkulima wa korosho wa Mtwara ni kinyume: minada huanza Oktoba, wakati uleule ambapo chuo kinadai. Akichelewa kulipwa na chama cha msingi, hana budi kukopa kwa jirani ili mtoto asajiliwe. Bima ya afya ya mwanafunzi peke yake ni shilingi 50,400 kwa mwaka, na bado hajagusa ada, chumba, nauli wala godoro.

Kisha huja siku ya kuthibitisha chuo. Aliyechaguliwa zaidi ya sehemu moja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, nayo huingia kwenye simu yake yeye, haiendi kwa baba. Baba huenda aliota binti awe mwanasheria, naye binti amechagua ualimu wa hisabati. Watajadiliana, pengine hadi usiku wa manane, lakini atakayebonyeza ni binti.

Mahali ambapo mzazi hajawahi kufika

Mwaka 1943 Julius Nyerere alikwenda Makerere, Kampala, kusomea ualimu. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, hivyo mzazi aliyebaki nyumbani Butiama alikuwa mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe. Mwaka 1949 kijana huyo akasafiri tena, safari hii hadi Edinburgh, akarejea 1952. Wakati huo wazazi wa Tanganyika waliokuwa na mtoto chuo kikuu walikuwa wachache mno, na watoto wao wote walikuwa nje ya nchi. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta mtindo mwingine. Aliyemaliza kidato cha sita alipitia JKT, kisha akafanya kazi miaka miwili kabla ya kuingia chuo, akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Miaka michache baadaye wasichana waliondolewa sharti hilo. Mzazi wa enzi hizo alimuaga mtu aliyekwisha kupokea mshahara wake mwenyewe, akapanga chumba na kujipikia. Mzazi wa leo anamuaga mtu ambaye mapema mwaka huohuo alikuwa akiomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu ili atoke nje ya geti.

Tangu hapo vyuo vimeongezeka. Sokoine cha Morogoro kilianza mwaka 1984, Dodoma 2007, na leo kijana anaweza kusoma Mbeya, Mwanza, Arusha au Zanzibar. Ongezeko hilo limefungua mlango kwa nyumba ambazo hazijawahi kutoa msomi wa shahada. Katika nyumba hizo kijana ni wa kwanza katika ukoo mzima, na mzazi hawezi hata kukisia siku ya mwanawe inavyokwenda: kwamba darasa moja linaweza kuwa na mamia ya watu, kwamba mhadhiri anaweza asilijue jina lake hadi anahitimu, kwamba kuna siku haina kipindi hata kimoja na hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi.

Kwa sababu hiyo wosia wa kuagana huwa mfupi na unafanana karibu kila nyumba: kasome, fanya kilichokupeleka, usisahau kwenu. Hutolewa kwa moyo wote. Pwani kunasomwa dua, ubani unachomwa. Kwingine jumuiya inakuja kusali sebuleni, au bibi anamtemea mjukuu mate ya baraka kiganjani. Asichoambiwa kijana, kwa kuwa aliyebaki hakijui, ni namna ya kuigawa fedha ya miezi miwili na namna ya kuomba msaada kabla mambo hayajaharibika.

Ukifika Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wiki ambazo vyuo vinafunguliwa, utaona mapenzi ya wazazi yamefungwa kwenye mizigo. Kuna ndoo mpya yenye mfuniko, humo ndani pasi na shuka mbili. Kuna kopo la dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri ili wasiharibike njiani, kuna karanga, kuna unga wa uji. Begi kubwa linaingia kwenye buti la basi. Bahasha ya kaki yenye vyeti halisi haiingii huko: mama amekwisha sema mara tatu kwamba hiyo inapakatwa hadi mwisho wa safari, na anasimama dirishani kuhakikisha.

Tuma na ya kutolea

Baada ya hapo inabaki simu. Mwanafunzi mwenye mkopo hupata fedha za kujikimu, zile ambazo wenyewe huziita bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Hutolewa kwa mkupuo, na kijana ambaye hajawahi kushika laki tano zilizo zake huziona ni nyingi. Humo kuna chakula, kodi ya chumba, bando, fotokopi na nauli. Zikichelewa, au zikiisha kabla ya wakati, simu inalia nyumbani.

Wazazi wanaijua simu hiyo tangu maamkizi. Shikamoo huwa ndefu kuliko kawaida. Anaulizwa bibi, anaulizwa mdogo wake, wanaulizwa hata kuku. Kisha kimya kidogo, halafu: "Mama, hali huku siyo nzuri." Mama anakwenda kwa wakala na elfu ishirini aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mchele. Anatuma na ya kutolea, maana mtoto akikatwa ada ya kutoa atabaki na pungufu, na anasubiri ujumbe wa kuthibitisha jina kabla ya kuondoka kibandani.

Fedha huweka mawasiliano hai, ila zina hatari yake. Simu zikiwa za fedha peke yake, upande mmoja huomba na wa pili hutoa, na mengine hayapati nafasi. Mzazi anaamini mwanawe yuko hosteli yenye mlinzi, kumbe amekosa nafasi na amebebwa, yaani analala wawili na mwenzake kwenye kitanda cha mtu mmoja. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli zilizozinduliwa Aprili 2017 ziliongeza nafasi 3,840, bado wapo wengi wanaopanga mageto mitaani, ambako mwenye nyumba hana wajibu wowote wa kumjulisha mzazi chochote.

Matokeo nayo yamo kwenye akaunti ya mwanafunzi, inayofunguliwa kwa nywila yake. Akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ni yeye atakayesema. Akidisko, yaani akiondolewa masomoni, ni yeye atakayesema, na wapo walioshindwa kusema. Kijana anaendelea kuaga kila muhula, anaendelea kutumiwa nauli, na nyumbani wanahesabu miaka iliyobaki hadi mahafali. Siku ukweli unapofika, kinachomuuma mzazi zaidi ya fedha iliyopotea ni kule kufikiria mwanawe alivyoubeba mzigo huo peke yake kwa miezi yote hiyo.

Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inatamka kuwa kumdai mtu ngono ili apewe haki yake ni kosa la jinai. Binti anayewekewa sharti hilo na mtu mwenye alama zake mkononi anahitaji mtu wa kumwambia siku hiyohiyo. Kama kila alipowahi kuleta habari mbaya aliulizwa kwanza "wewe ulifanya nini?", hatapiga nyumbani. Atanyamaza, au atamwambia rafiki ambaye naye anaogopa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi hufanyika miaka mingi kabla ya basi kuondoka. Hufanyika pale mtoto wa kidato cha pili anapovunja kitu na kukiri mwenyewe, akaona kwamba kukiri hakukumzidishia adhabu. Hufanyika pale anapopewa fedha ya wiki nzima, ikaisha Jumatano, akaachwa ajipange hadi Jumapili akiwa bado chini ya paa la kwao. Aliyepitia hayo nyumbani hupiga simu chuoni akiwa na jambo la kueleza, na anayepokea anajua kusikiliza.

Nyumba iliyopungua

Aliyebaki naye ana yake. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Kwa waliozaa wawili au watatu tu, kitinda mimba akiondoka baba na mama wanabaki wakitazamana. Kulikuwa na mtu wa kufungua genge asubuhi, wa kununua umeme kwa simu, wa kumsomea bibi karatasi ya kliniki. Kazi hizo hazikuwahi kuandikwa popote, na ukubwa wake huonekana zinapokosa mwenyewe. Palipo na wadogo, wao hurithi zamu kabla hawajawa tayari, nao wanastahili kuangaliwa kipindi hicho.

Kutembeleana kumekuwa rahisi kwa baadhi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, mzazi wa Dar es Salaam anaweza kwenda kumwona mwanawe na kurudi siku hiyohiyo, kwa safari isiyofika saa nne kila upande. Wanaofanya hivyo hupata kitu ambacho simu haiwapi. Wanakiona kitanda, wanamjua mwenzake wa chumbani, wanamwamkia mama ntilie anayemkopesha chakula bumu likichelewa, na namba za watu hao wawili zinaingia kwenye simu ya nyumbani.

Likizo ya kwanza hurudi mtu mwenye hoja. Anambishia baba kuhusu bei ya mbolea, tena kwa takwimu. Anachelewa kuamka, anarudi usiku, na swali la "ulikuwa wapi?" linahitaji sauti nyingine sasa. Nyumba zinazovuka vizuri kipindi hiki ni zile ambazo baba hukaa akabishana naye kama anavyobishana na wadogo zake mwenyewe, na mama akamwachia siku moja ya bajeti ya jikoni.

Na maombi ya mkopo yanapofunguliwa tena, zamu ikiwa ya mdogo wake, ni yeye anayemwambia mama aanze na RITA mapema na asisubiri wiki ya mwisho. Anahakiki herufi za jina moja baada ya nyingine, anamwonesha wapi pa kuweka saini, kisha anamweleza mdogo wake, mama akiwa palepale anasikia, mwaka wa kwanza ulikuwaje hasa: yale aliyoyasema kwenye simu, na yale ambayo hakuyasema.