Kaunta ya Geiger Ikilia Bahi, Inasema Nini Hasa?

Kama umewahi kuishi Dodoma hata muhula mmoja, bila shaka umeshaambiwa kwamba Bahi kuna urani. Anayekuambia mara nyingi haishii hapo, anaongeza eti kule mionzi inatoka ardhini, nawe hujui uamini lipi na uache lipi. Sisi wa klabu ya fizikia chuoni tuliamua kwenda kupima. Haya ndiyo tuliyojifunza, na sehemu kubwa tulijifunza kwa kukosea.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tulichangishana, tukaagiza kaunta ndogo ya Geiger ya kuunga mwenyewe, tukachomea vipande kwa lehemu kwenye meza ya maabara. Siku iliyotoa mlio wake wa kwanza tulishangilia kama timu imefunga bao. Jumamosi moja tukapanda basi la Singida, tukashuka Bahi, kilomita 50 na ushee magharibi mwa Dodoma mjini. Tulipita kwanza kwa mtendaji wa kijiji na barua ya chuo, ndipo tukateremka kuelekea mbugani.

Mwenzetu aliyeshika kaunta alihesabu milio ya dakika moja, akaandika. Tukasogea hatua kadhaa, akahesabu tena dakika moja. Namba ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Akapaza sauti: "Imepanda!"

Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani akasimama. Tukamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba wanangu. Imepanda nini?" Tukamweleza kidogo habari za mionzi na urani. Akatua ndoo. "Kwa hiyo maji haya ni mabaya? Na chumvi tunayotengeneza hapa je?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Majibu mepesi yalikuwa mawili, "hapana mama, ni salama" na "ndiyo mama, ni hatari", na yote mawili yangekuwa uongo, kwa sababu hatukuwa tunajua. Twende taratibu uone kwa nini.

Urani ilifikaje Bahi?

Miamba ya uwanda wa kati wa Tanzania ni ya kale sana, na mingi ni granaiti, yale majabali unayoyaona kila kona ya Dodoma. Granaiti ya kawaida ina urani kidogo mno, gramu chache tu katika kila tani ya mwamba. Mvua ikinyesha, maji yenye oksijeni hupenya kwenye nyufa na kuyeyusha sehemu ndogo ya urani hiyo, kisha huteremka nayo.

Sasa angalia ramani. Bahi ni bonde lililofungika, sehemu ya mfumo wa Bonde la Ufa. Mto Bubu unaingia, lakini hakuna mto unaotoka kwenda baharini. Njia kuu ya maji kuondoka pale ni kukaushwa na jua, na jua la Dodoma unalijua. Ni kama sufuria jikoni: ukichemsha maji ya chumvi mpaka yaishe, chumvi inabaki chini. Bahi imekuwa sufuria ya namna hiyo kwa maelfu na maelfu ya miaka. Kinachokusanya chumvi pale ndicho kinachokusanya urani pia.

Urani ikikutana na vanadiamu na potasiamu kwenye udongo wenye chokaa, hujenga madini ya rangi ya njano yanayoitwa kanotaiti. Mashapo ya aina hii, yaliyo karibu na uso wa ardhi, yanapatikana pia Australia Magharibi na Namibia. Kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilipimwa kwa ndege zenye vifaa vya kunasa mionzi, na utafutaji ukarudi kwa kasi miaka ya 2000 bei ya urani ilipopanda duniani. Mradi wa urani uliofika mbali zaidi Tanzania, hata hivyo, hauko Bahi, uko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma.

Kwa hiyo "Bahi kuna urani" ni kweli. Ila kuwa na urani ardhini ni jambo moja, na urani hiyo kumfikia mtu na kumdhuru ni jambo jingine kabisa.

Kaunta inasikia nini?

Hapa ndipo wengi tulipokuwa tunakosea. Tulidhani kaunta ya Geiger ni kipimo cha urani. Siyo.

Urani-238 huvunjika polepole mno. Ukiwa na rundo la atomi zake leo, itachukua takribani miaka bilioni 4.5 nusu yake kuvunjika. Kila atomi inayovunjika haigeuki risasi moja kwa moja, inapita hatua 14, na kila hatua inatoa mionzi yake. Katikati ya safari kuna radiamu, ikifuatiwa na gesi ya radoni, kisha aina fulani za risasi na bismathi ambazo hudumu dakika chache tu. Mionzi ya gama inayofika kwenye kaunta yako, ile inayotokana na ukoo wa urani, sehemu kubwa inatoka kwa hao wajukuu, hasa bismathi-214 na risasi-214. Urani yenyewe ni kama babu aliyetulia ndani, kelele za nje ni za wajukuu.

Na wajukuu si lazima wawe mahali alipo babu. Maji yanaweza kuibeba urani yakaiacha radiamu, au kinyume chake. Kwenye mashapo machanga kama ya mbugani jambo hili ni la kawaida, hivyo pale kaunta inapolia sana si lazima ndipo penye urani nyingi.

Isitoshe, kuna wengine wanaogonga mlango uleule. Kuna potasiamu-40, iliyomo kwenye udongo, kwenye maharage na ndani yako wewe: katika mwili wa mtu mzima wa kilo 70, atomi zaidi ya 4,000 za potasiamu hiyo huvunjika kila sekunde. Kuna ukoo wa thoriamu, uliomo pia kwenye matofali na saruji. Kuna mionzi inayotoka anga za mbali, inayoongezeka kadiri unavyopanda juu. Dodoma mjini pako juu kuliko Bahi kwa zaidi ya mita 200, kwa hiyo hata ulinganisho wa "mjini na mbugani" si wa moja kwa moja.

Kaunta inapokea wote hao na kwa kila mmoja inatoa mlio uleule. Ni mlango unaogongwa na watu wasiopiga hodi wala kutaja majina. Ukitaka majina, unahitaji kifaa kinachopima nishati ya kila mwonzi wa gama, kwa sababu kila aina ya atomi ina nishati zake.

Je, kweli ilikuwa "imepanda"?

Tukubali kwa muda kwamba hatujali nani amegonga, tunataka tu kujua kama sehemu ya pili ina mionzi zaidi ya ya kwanza. Hata hilo hatukuwa tumelipima.

Kuvunjika kwa atomi ni bahati nasibu. Hakuna ajuaye ipi itavunjika sasa hivi. Ukiweka kaunta mahali pamoja bila kuigusa, dakika hii inaweza kuhesabu 17, inayofuata 25, kisha 20. Hakuna kilichobadilika ardhini. Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: ukihesabu milio N, mashaka ya hesabu hiyo ni kama kipeuo cha pili cha N.

Chukua mfano wa namba za kubuni. Sehemu A umehesabu 20 kwa dakika moja, sehemu B umehesabu 24. Kipeuo cha pili cha 20 ni kama 4.5, na cha 24 ni kama 4.9. Tofauti yao ni 4, lakini mashaka ya tofauti hiyo, ukiyaunganisha, ni kama 6.6. Mashaka ni makubwa kuliko tofauti yenyewe! Hapo huwezi kusema kitu.

Sasa kaa dakika 30 kila sehemu. Tuseme A imekupa 600 na B 720. Tofauti ni 120 na mashaka yake ni kama 36. Tofauti imekuwa zaidi ya mara tatu ya mashaka, na sasa una la kuzungumza. Kaunta ni ileile na sehemu ni zilezile, kilichoongezeka ni uvumilivu. Mwenzetu aliyesema "imepanda" kwa kulinganisha dakika moja na dakika moja alikuwa anasikia bahati nasibu.

Nchi yetu ina mfano wake maarufu wa jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa kwanza. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu badala ya kucheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala. Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, hawakuliona jambo hilo, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Mjadala unaendelea hadi leo. Swali la Mpemba lilistahili heshima, na kwa sababu hiyohiyo lilistahili kupimwa tena na tena.

Na maji ya mama je?

Hili ndilo lililotunyima usingizi tuliporudi chuoni. Wasiwasi wa kwanza kuhusu urani kwenye maji ya kunywa ni wa kikemia: ikizidi huweza kudhuru figo. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi maikrogramu 30 katika lita moja. Je, kaunta yetu ingeweza kugundua kiasi hicho?

Piga hesabu. Katika maikrogramu 30 za urani-238, atomi zinazovunjika ni wastani wa 0.37 kwa sekunde, yaani moja kila sekunde tatu hivi, kwenye lita nzima. Mionzi yake ni ya alfa, ambayo ndani ya maji haisafiri hata unene wa karatasi. Kaunta yetu, kama nyingi za bei nafuu, ina ukuta ambao alfa haipenyi kabisa. Maana yake ungeweza kuisogeza juu ya ndoo yenye urani iliyozidi kiwango, ikalia vilevile kama inavyolia hewani.

Umeona hatari ilipo? Tungeweza kumtisha mama bure kwa sababu ya bahati nasibu ya dakika moja. Na tungeweza vilevile kumtuliza bure kwa sababu kaunta imenyamaza. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana angeamini "watu wa chuo wamepima".

Swali la maji na chumvi linajibiwa maabara, kwa sampuli zilizochukuliwa kwa utaratibu, misimu tofauti, na vifaa vinavyotaja majina. Nchini, taasisi yenye jukumu la usalama wa mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Tulirudi Bahi baada ya mitihani, tukamtafuta yule mama. Tukamwambia ukweli: kifaa chetu hakiwezi kujibu swali lake, tulikosea kupaza sauti, na tukamweleza wa kuulizwa ni nani na kwamba ombi lenye nguvu ni lile linalopitia serikali ya kijiji. Hakufurahi sana. Alisema, "Sasa mmekuja na basi kuniambia hamjui?" Kisha akacheka. "Haya. Mkijua, mrudi."

Kama nanyi mna klabu

Msikate tamaa kwa kukosa kifaa. Anzeni na daftari. Keti kando ya barabara, hesabu bodaboda zinazopita kila dakika kwa saa nzima, upate namba 60. Tafuta wastani, kisha uone namba hizo zimetawanyika kiasi gani. Kama utawanyiko unakaribia kipeuo cha pili cha wastani, bodaboda zinapita ovyoovyo, kila moja kivyake. Kama umezidi sana, kuna kitu kinazikusanya, labda abiria wa basi wameshuka kwa pamoja. Hapo tayari unafanya fizikia ya kuhesabu.

Mkipata kaunta, kwanza iacheni mahali pamoja siku nzima ili mjue tabia yake. Mkienda uwandani, ishikeni mita moja juu ya ardhi, muivike mfuko wa plastiki isishike tope, muandike muda wa kuanza na kumaliza, na kila namba iende na mashaka yake. Rudini sehemu ya kwanza mwisho wa siku, mpime tena. Halafu kubalianeni, kabla hamjapanda basi, nani atazungumza na wenyeji na atasema nini wakimuuliza.

Sisi hilo la mwisho hatukulipanga, na bado tuna deni Bahi.