Kijiji cha Laxton na Mashamba Yasiyo na Ua

Watu waendao Uingereza kwa mara ya kwanza hurudi na habari za London, majumba yake na wingi wa watu wake, na sisi tuliobaki nyumbani hudhani ya kuwa nchi yote ndiyo hiyo. Walakini treni ikiisha kutoka mjini, haupiti muda mrefu msafiri huanza kuona mashamba, na jambo la kwanza limshangazalo ni nyua. Kila shamba lina ua wake wa miti ya miiba iliyopandwa kwa mstari, ikasongamana hata kondoo hawezi kupenya. Na nchi ukiitazama kutoka kilimani hufanana na mkeka wa rangi nyingi. Waingereza wengi hudhani nyua hizo zimekuwako tangu zamani za kale. Sivyo. Nyingi katika hizo umri wake ni miaka mia mbili na ushei tu, na kiko kijiji kimoja ambacho mashamba yake makubwa matatu hayakupata kugawanywa kwa ua hata leo. Jina lake Laxton. Tulikwenda kukitazama, maana tulitaka kujua jinsi watu wanavyoweza kulima shamba moja pamoja, kizazi baada ya kizazi, bila ua na bila kuumizana.

Laxton ni katika jimbo la Nottinghamshire, katikati ya Uingereza. Tulipanda gari la moshi (ingawa siku hizi halina moshi, laendeshwa kwa umeme) kutoka London hata mji wa Newark, na kutoka hapo tukaenda kwa motokaa kwa njia nyembamba zenye kupinda-pinda. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa Novemba. Baridi yake si ya kusimuliwa. Hupenya viatu kwanza, ndipo ikapanda. Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito wenye wekundu, hushika kiatu kama gundi, nasi tulipokwisha kutembea hatua hamsini kila mmoja wetu alikuwa amebeba shamba lake miguuni.

Kijiji chenyewe ni njia moja kubwa na vijia vichache, kanisa la Mtakatifu Mikaeli, na nyumba za matofali mekundu. Ndani ya kanisa mna sanamu za watu wa ukoo wa Everingham, waliokuwa mabwana wa nchi hii zamani, na moja katika hizo ni sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa mti. Kaskazini ya kanisa kuna vilima vya udongo vilivyofunikwa kwa majani, ndiyo mabaki ya ngome ya mabwana hao. Jiwe halionekani tena, na kondoo hulisha pale walipokaa askari. Lakini mgeni mwenye macho ya mkulima ataona jambo lingine. Katika sehemu nyingi za Uingereza nyumba ya mkulima husimama peke yake katikati ya mashamba yake. Hapa nyumba za wakulima, pamoja na ghala na mazizi yao, zimepangwa njiani bega kwa bega, kwa sababu mashamba ya kila mmoja yametawanyika pande zote, na mahali pafaapo kukaa ni katikati, pamoja na wenzake.

Sasa tueleze desturi yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari hii. Mashamba makubwa ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kila shamba limekatwa kanda ndefu nyembamba, na kila mkulima ana kanda zake katika mashamba yote matatu, zikichanganyika na za jirani zake. Zamani kanda hizi zilikuwa ndogo sana. Eka moja ya Kiingereza ilikuwa yadi 220 kwa urefu na yadi 22 kwa upana, na husemwa kuwa urefu ule ndio mwendo ambao ng'ombe wa plau waliweza kwenda kabla ya kupumzishwa, na eka nzima ni kazi ya siku. Kwa mpango huo hakuna mtu aliyepata udongo mwema peke yake, wala hakuna aliyeachiwa bonde la maji peke yake. Hasara na faida ziligawanywa pamoja na ardhi.

Mashamba hayo matatu huenda kwa zamu. Moja hupandwa ngano kabla ya baridi kuu. La pili hupandwa shayiri, maharagwe au mazao mengine ya majira ya kuchipua. La tatu hupumzishwa, au siku hizi hupandwa majani ya kulisha wanyama. Mwaka ukigeuka, zamu hugeuka. Basi ni wazi ya kuwa mtu mmoja hawezi kufuata nia yake. Akitaka kupanda ngano mahali ambapo wenzake wote wamepumzisha, hawezi. Na akichelewa, hawamngojei.

Mwaka wa 1635 Mark Pierce alichora ramani ya nchi yote ya Laxton kwa ajili ya Sir William Courten, mfanya biashara wa London aliyekuwa amenunua milki hiyo. Ramani ile imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford. Kanda zaidi ya 2,000 zimechorwa moja moja, na pembeni Pierce aliweka picha ndogo za watu wakilima na wakivuna. Mtu aliye na ramani hiyo mkononi angeweza kutembea Laxton leo asipotee. Kanda zimepungua, maana mwanzoni mwa karne ya ishirini nyingi ziliunganishwa ziwe pana zaidi kwa kufaa mashine. Nalo eneo la mashamba haya ni dogo kuliko la zamani, limebaki kama eka mia tano hivi. Hata hivyo mashamba ni yale yale, na njia ni zile zile.

Tulichagua mwezi wa Novemba makusudi, kwa kuwa ndio wakati wa ukaguzi. Shamba la ngano likiisha kupandwa, watu waliochaguliwa kuwa wazee wa baraza hukusanyika asubuhi, hupanda gari linalokokotwa na trekta, huenda kulizunguka shamba lote. Wazee hao si maofisa waliotumwa kutoka mjini. Ni wakulima wenyewe, na ardhi wanayoikagua ni yao wenyewe na ya jirani zao. Huchukua vigingi vya mti na nyundo. Penye mwisho wa ukanda hushuka, hutazama mstari kutoka kigingi cha upande huu hata cha upande wa pili, hupima, hubishana kidogo. Na ikiwa kigingi cha zamani kimeoza au kimeangushwa na plau, hupiga kipya. Kazi hii haina haraka. Mtu mwenye motokaa nzuri aliyepita njiani alipunguza mwendo akatazama kundi la watu wazima wameinama juu ya kijiti, naye bila shaka alijiuliza wamepoteza nini.

Wanatafuta makosa ya namna chache, na yote ni makosa ya kimya. La kwanza ni kulima kupita mpaka na kuingia ukanda wa jirani. Yeyote aliyepata kusikiliza kesi za mashamba ajua jinsi kosa hili lifanyikavyo: si kwa kunyang'anya mchana, bali kwa mfereji mmoja wa plau mwaka huu, na mmoja mwaka ujao, hata baada ya miaka kumi jirani hajui ardhi yake ilikwenda wapi. La pili ni kulima hata kuila njia ya watu wote. La tatu ni kuacha mitaro ya maji izibe, maana katika udongo mzito kama ule mtaro wa mtu mmoja ukiziba, ngano ya watu watatu huoza. La nne ni kugusa majani ya mabondeni, ambayo wenyeji huyaita sykes. Sehemu hizi hazikupata kulimwa, kwa kuwa ni za maji au za mteremko, na plau haikuzifaa. Basi zimebaki na maua ya mwituni ambayo mahali pengi pa Uingereza yamekwisha kutoweka, na sheria ya nchi yailinda mimea hiyo. Nyasi zake huuzwa kwa mnada kila mwaka.

Kosa lililoonekana huandikwa, na wazee hukaa pamoja kuamua faini. Ni pauni chache tu, hakuna atakayefilisika. Lililotupendeza ni kwamba aliyemo katika wazee huweza kulikuta jina lake mwenyewe katika orodha, na wenzake humtoza sawasawa na mwingine, hali amekaa nao meza moja. Tunadhani haya ya meza hiyo yauma kuliko fedha.

Baada ya juma moja hivi, baraza lenyewe hukutana. Hapo msomaji wetu atastaajabu kama tulivyostaajabu sisi, maana mahali pa baraza ni nyumba ya pombe ya kijiji, iitwayo Dovecote Inn. Sisi tulikunywa chai. Lakini mambo huenda kwa adabu kamili: msimamizi wa bwana wa milki hukaa mbele, majina ya wenye kupasa kuhudhuria husomwa, hukumu za wazee husikilizwa, na mtu aliyetozwa faini aweza kusimama na kujitetea. Wala hili si tamthilia ya kufurahisha wageni. Mwaka wa 1977 Bunge la Uingereza lilipoondoa nguvu za mabaraza ya kale ya namna hii katika nchi yote, baraza la Laxton liliachiwa nguvu zake, kwa sababu lilikuwa bado lafanya kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Je, vijiji vingine vilikwenda wapi? Zamani sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa hivi hivi. Katika miaka ya 1604 hata 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua mashamba ya wazi na malisho ya wote, jumla yake eka karibu milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano ya Uingereza. Haki yatulazimu kusema kwamba waliotaka nyua walikuwa na hoja. Mkulima mwenye shamba lake mahali pamoja aliweza kutoa maji katika udongo wake, kutenga ng'ombe wazuri wasichanganyike na wagonjwa, na kujaribu mbegu mpya bila kungoja shauri la kijiji kizima. Mavuno ya mahali pengi yaliongezeka. Lakini ilikuwako hesabu nyingine. Mtu maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja na haki ya kumlisha katika malisho ya wote alipewa kipande kidogo badala ya haki ile, naye hakuwa na fedha ya kukizungushia ua kama sheria ilivyotaka, akakiuza. Fedha ikaisha, na ng'ombe akaisha, naye akawa mtu wa kibarua katika shamba la mwingine, au akaenda mjini kutafuta kazi ya kiwanda. Mwenye kutazama nyua zile nzuri kutoka dirisha la treni hawezi kuyaona hayo.

Huko Laxton pia sehemu ya nchi ilizungushiwa ua, ila mashamba matatu yakabaki. Kubaki kwake si jambo jepesi. Mkulima wa Laxton hushindana sokoni na mtu mwenye eka elfu mahali pamoja, ambaye mashine yake haisimami kugeuka kila mara. Yeye lazima azunguke kutoka ukanda hata ukanda, afuate zamu ya wote, atoe siku zake kwa ukaguzi na baraza bila malipo ya kutajika. Watoto wake wayajua haya, na si wote watakao kurithi kazi hiyo.

Tena iko hofu ya mwenye ardhi, kwa maana wakulima hawa ni wapangaji. Mwaka wa 1952 Earl Manvers, ambaye ukoo wake ulikuwa na milki hiyo muda mrefu, aliiuzia Wizara ya Kilimo ili mashamba yasivunjwe. Mwaka wa 1981 Wizara ikaitoa kwa Crown Estate, ofisi itunzayo mali ya Taji. Watu wakadhani sasa jambo limekwisha. Kumbe mwaka wa 2018 habari zikaja kwamba Crown Estate yataka kuuza. Fikiri hali ya kijiji ambacho kila mtu ategemea kila mtu, kikingoja miezi mingi kujua atakayekinunua ni nani, na kama ataliheshimu baraza au atawaza faida tu. Mwaka wa 2020 milki ilirudi kwa Thoresby, yaani kwa warithi wa ukoo ule ule wa Manvers, na desturi ikaendelea.

Baraza likaribiapo kumalizika, kazi moja husalia. Wazee wa shamba la mwaka huo huachiliwa, na wengine huchaguliwa na kuapishwa kwa ajili ya shamba ambalo zamu ya ngano italifikia mwaka ujao. Nyundo na vigingi hungoja Novemba nyingine.