Mtoto Anapojisemea
Fikra na Lugha: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tuliwatazama sokwe wa Wolfgang Köhler kule Tenerife, hasa yule aliyeitwa Sultan, ambaye alichomeka kijiti kimoja ndani ya kingine akapata fimbo ndefu ya kuvutia tunda lililokuwa nje ya kizimba chake. Sultan hakuwa na lugha, lakini alifikiri. Tukaona na upande wa pili: kitoto kichanga hubwabwaja tangu asubuhi hadi jioni bila kuwa na wazo lolote la kufikisha. Fikra na usemi, kwa hiyo, havizaliwi pamoja. Leo tutafika pale vinapokutana, na ili kupaona hatuhitaji maabara. Inatosha kumsikiliza mtoto wa miaka minne au mitano aliyekaa sakafuni akicheza peke yake.

Kila aliyelea mtoto ameyasikia maneno yale. "Hili likae hapa. Aa, linaanguka. Ngoja, kubwa kwanza." Hamwambii mtu. Mama akiuliza kutoka jikoni, "Unaongea na nani wewe?" mtoto hajibu, anaendelea na shughuli yake. Je, maneno hayo yana kazi gani?

Wa kwanza kulishughulikia swali hili kwa kina alikuwa Jean Piaget wa Uswisi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1923 alieleza jinsi yeye na wenzake walivyowafuata watoto wa miaka sita katika shule moja ya Geneva na kuandika kila neno lililowatoka. Zaidi ya theluthi ya maneno hayo hayakuwa na msikilizaji aliyekusudiwa. Piaget aliona humo dalili ya uchanga: mtoto bado hajaweza kuyatazama mambo kwa macho ya mwenzake, kwa hiyo husema bila kujali kama anaeleweka. Akikua na kuzoea kuishi na watu, usemi huo hunyauka na kutoweka, nao haukuwa na faida kubwa hata ulipokuwapo.

Maelezo haya yalimfikia Moscow mtu aliyezaliwa mwaka uleule wa Piaget, yaani 1896. Lev Vygotsky alikulia Gomel, katika Belarus ya leo, akasoma sheria, akaandika uchambuzi wa Hamlet kabla ya kuingia katika saikolojia. Nadhani kule kupitia fasihi kulimsaidia. Alikuwa na sikio la kusikia maneno yanafanya nini.

Vygotsky aliwaza hivi: kama usemi ule hauna kazi, basi ugumu wa shughuli usiubadilishe. Yeye na wanafunzi wake wakawaachia watoto wachore, kisha wakavuruga mambo kidogo. Penseli ya rangi inayotakiwa haipo, au karatasi haitoshi. Mara usemi wa kujisemea ukakaribia kuongezeka maradufu. Mtoto alianza kujiuliza na kujijibu: penseli iko wapi, basi nitatumia nyekundu, nitaiweka maji iwe nyeusi kidogo. Mtoto mmoja wa miaka mitano na nusu hivi alikuwa akichora tramu, penseli ikamvunjikia katikati ya gurudumu. Alijaribu kulikamilisha, penseli haikuandika. Akajisemea kwa sauti ndogo kwamba imevunjika, akachukua rangi nyingine, na akaanza kuchora tramu iliyopata ajali inayotengenezwa. Neno lililomtoka kwa ajili ya penseli liliigeuza picha yote. Hapo mtu anaweza kusema ameiona fikra ikipinda kwa nguvu ya neno moja.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolistahi zaidi. Kama Piaget alikuwa sahihi, kwamba mtoto hujisemea kwa sababu hajajifunza kujali wengine, basi ukimtenga na wasikilizaji ajisemee vilevile au hata zaidi. Vygotsky akamweka mtoto miongoni mwa watoto viziwi, au miongoni mwa watoto wa lugha asiyoijua. Mara nyingine kelele ilizidishwa hadi sauti yake ikawa haisikiki. Kujisemea kukapungua sana, kwa baadhi ya watoto waliojaribiwa kukakaribia kwisha. Yaani mtoto hujisemea pale anapohisi yuko kati ya watu wanaoweza kumwelewa, ingawa hamwelekei yeyote kati yao.

Kutokana na hayo Vygotsky aliugeuza mpangilio wa Piaget juu chini. Mtoto haanzi na nafsi yake kisha akatoka kwenda kwa watu. Huanza na watu. Kwanza anaongozwa kwa kinywa cha mwingine. Bibi anamwambia, "Shika kwa mikono miwili. Polepole. Usimwage." Siku chache baadaye, akiwa peke yake na kikombe, utamsikia akisema "polepole, usimwage," mara nyingine kwa lafudhi ileile ya bibi. Amri iliyotoka kwa mkubwa sasa anajiamuru nayo mwenyewe. Ndivyo anavyojifunza kujizuia, kupanga na kukumbuka kinachofuata, na ndiyo sababu naona kwamba mazungumzo yetu na watoto wadogo, hata ya jikoni na kisimani, ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia.

Je, usemi huo huenda wapi baadaye? Piaget alisema unakufa. Vygotsky alisema unaingia ndani. Sauti hupungua ikawa mnong'ono, mnong'ono ukawa midomo inayochezacheza, na kadiri miaka ya shule inavyosonga, kimya. Ukiwa njiani kuingia ndani huzidi kuwa mfupi. Watu waliosimama kituoni wakingoja basi, likitokeza, hakuna atakayesema, "Basi tunalolingoja la Mbagala linakuja." Atasema, "Linakuja," na wote wameelewa. Mtu anapozungumza na nafsi yake hali ni hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa kuwa anayesema na anayesikia ni mmoja na wote wawili wanajua kinachozungumziwa.

Vygotsky hakuiona hatima ya hoja yake. Kifua kikuu kilimwua Juni 1934, akiwa na umri wa miaka 37, na kitabu chake kikuu kuhusu fikra na usemi kilichapishwa baada ya kifo chake mwaka huohuo. Sura ya mwisho aliitamka akiwa mgonjwa, mwandishi akaiandika. Miaka miwili baadaye Chama cha Kikomunisti kilitoa amri dhidi ya taaluma ya uchunguzi wa watoto aliyoshiriki, na maandishi yake yakafichwa kwa miaka 20. Piaget alipokuja kuisoma hoja ile, mwenzake alikuwa kaburini kwa takriban robo karne. Alijibu kwa maandishi mwaka 1962, na kwa uungwana akakubali sehemu kubwa ya hoja ya Vygotsky kuhusu usemi huo.

Uchunguzi wa baadaye uliingia madarasani. Nchini Marekani katika miaka ya 1980, Laura Berk aliwatazama wanafunzi wa shule ya msingi wakifanya hesabu. Wale wa darasa la kwanza walijisemea waziwazi. Wa darasa la tatu walinong'ona na kuchezesha midomo. Kujisemea kulikoihusu kazi yenyewe kulikwenda pamoja na maendeleo mazuri katika hesabu.

Nikilisoma hilo naumia ninapofikiria madarasa yetu mengi, ambamo mtoto anayenong'ona juu ya daftari huandikwa ubaoni kuwa mpiga kelele. Huyo yuko kazini. Wala nisieleweke kwamba nazungumzia kughani kwa sauti kama wanavyofanya watoto chuoni wakidurusu juzuu zao. Kule maneno ni ya Kitabu na mtoto huyahifadhi yalivyo. Hapa maneno ni yake, ya kujiongoza. Nina wasiwasi pia na mtoto wa Tanzania aliyejenga hoja zake zote kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha kidato cha kwanza akatakiwa kufikiri fizikia kwa Kiingereza ambacho bado hawezi kujisemea nacho. Naamini sehemu ya ukimya tunaouona katika madarasa hayo inaanzia hapo.

Hata hivyo tusivuke mpaka tukadai kwamba kufikiri ni kusema kimyakimya tu. John Watson wa Marekani alielekea huko: fikra kwake ilikuwa mijongeo midogo ya koo na ulimi. Mwaka 1947 daktari Scott Smith wa Utah alikubali kudungwa dawa itokanayo na kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, hadi misuli yake yote ikalegea na wenzake wakawa wanampumulisha. Ulimi na koo havikuweza kutikisika. Alipopata nafuu alieleza kwamba hakupoteza fahamu hata kidogo, na akasimulia yaliyosemwa na kutendwa kando yake.

Lakini Smith alikuwa na lugha yake salama ndani ya kichwa. Vipi kuhusu aliyeporwa lugha yenyewe? Sehemu ijayo itawahusu wagonjwa watatu waliochunguzwa na Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza, wanaume ambao uharibifu wa ubongo uliwaacha bila uwezo wa kutofautisha "simba alimwua mtu" na "mtu alimwua simba", ilhali hesabu za kutoa walizifanya vizuri, na namba zilipobadilishwa nafasi hawakukosea.

(Itaendelea)