Runinga Inapomeza Kingo za Kompyuta: Ulipe Nini, Uache Nini

Unachomeka kompyuta mpakato kwenye runinga kwa waya wa HDMI. Picha inatokea, lakini saa ya pembeni chini haionekani, kitufe cha Start kimekatwa nusu, na alama ya X ya kufungia dirisha iko nje ya kioo. Hapo ndipo wengi hufungua pochi: huyu ananunua waya wa bei kubwa zaidi, yule anamwita fundi, mwingine anaamini runinga imeharibika. Kabla hujatoa hata shilingi, shika rimoti. Mara nyingi tiba iko humo, nayo haina malipo. Njia nyingine zipo, za bure na za kulipia, ila hazilingani, na moja kati ya hizo za bure hulipiwa kwa macho.

Kwanza hakikisha kioo ni kizima. Bonyeza kitufe cha menyu cha rimoti. Ikiwa menyu ya runinga yenyewe inaonekana yote, bila mistari wala mabaka, na kinachokatwa ni picha ya kompyuta tu, basi usikubali kuambiwa ubadilishe kioo au bodi.

Kwa nini kingo hukatwa

Tatizo hili tumelirithi kutoka runinga za chogo. Picha yake haikutulia pembeni, kwa hiyo watengenezaji waliikuza kidogo ili kingo zijifiche nyuma ya fremu. Vituo vya televisheni navyo vikazoea kutoweka maandishi karibu na ukingo. Runinga za flati hazihitaji ujanja huo, maana kila nukta ya picha ina mahali pake. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia mwisho wa mwaka 2012, na machogo yamebaki machache, lakini runinga nyingi bado hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kukuza picha.

Mtazamaji wa filamu haoni hasara. Mwenye kompyuta anaiona mara moja. Chukua picha ya nukta 1920 kwa 1080 iliyokatwa asilimia 5 kwa upana na kwa urefu: zinabaki nukta 1824 kwa 1026. Chini peke yake zimepotea nukta 27, wakati upau wa kazi wa Windows 10, kwa ukubwa wake wa kawaida, una nukta 40 tu. Zaidi ya nusu ya upau imemezwa.

Rimoti: bure, na ndiyo bora

Ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga, utafute ukubwa wa picha. Jina hutofautiana kwa kampuni. Kwenye Samsung utakuta "Screen Fit" au "Fit to Screen". Kwenye LG ni "Just Scan". Kwenye Sony ni "Full Pixel" chini ya eneo la kuonyesha. Kwenye Philips ni "Unscaled". Na kwenye Sharp ni "Dot by Dot". Ukiona neno "Overscan", lizime. Fanya hivyo huku kompyuta ikiwa imechomekwa na iko kwenye skrini, kwa sababu runinga nyingi huweka mpangilio huu kwa kila tundu peke yake, na wakati mwingine chaguo halijitokezi mpaka kuwe na picha.

Kama hukuliona, nenda kwenye orodha ya matundu, ulibadilishe jina la tundu la HDMI liwe "PC". Kwenye baadhi ya runinga, zikiwemo nyingi za Samsung na LG, jina hilo si pambo. Linaiamuru runinga iache kuikuza picha, na mara nyingi maandishi ya rangi huwa safi zaidi na mshale wa kipanya huacha kuburuzika.

Faida kuu ya njia hii ni kwamba nukta moja ya kompyuta inakaa kwenye nukta moja ya kioo, mradi kioo kina nukta hizo. Hupotezi chochote.

Programu ya kompyuta: bure, lakini ina gharama

Programu za kadi ya picha za Intel, AMD na NVIDIA zote zinaweza kuisinyaza picha hadi kingo zirudi ndani ya kioo. Kompyuta za Mac nazo zina kitelezi cha "Underscan" kwenye mipangilio ya skrini. Inachukua dakika chache, na kwa filamu au picha za harusi inatosha kabisa.

Kwa kazi ya kusoma, ni hadithi nyingine. Kompyuta inaibana picha, kisha runinga inaikuza tena. Katika mfano wetu, skrini nzima sasa inabebwa na nukta 1824 kwa 1026, yaani karibu asilimia 10 ya nukta zote haina kazi. Herufi ndogo hufifia. Mwenye steshenari anayeandika barua za watu kutwa nzima, au mhasibu mwenye jedwali la tarakimu, atachoka macho kabla ya jioni. Itumie njia hii pale tu rimoti iliposhindwa.

Waya mpya wa HDMI: usinunue kwa sababu hii

HDMI hubeba picha kidijitali. Waya mbovu hukupa kioo cheusi, picha inayokatikakatika au chembe zinazomeremeta. Haukati kingo nne kwa usawa. Waya wa bei ghali utakuonyesha picha ileile iliyokatwa. Sababu halali ya kubadilisha waya ni kama huo ulio nao unasumbua, au unataka picha ya 4K kwa mara 60 kwa sekunde, inayohitaji HDMI 2.0 pande zote mbili.

Waya wa VGA: shilingi elfu kadhaa, kwa runinga za zamani

Runinga nyingi ndogo za inchi 32 zilizoandikwa "HD Ready" zina nukta 1366 kwa 768. Hizi hupokea picha ya 1920 kwa 1080 kisha huipunguza, hivyo hata ukizima ukuzaji, maandishi hayawi makali. Kama runinga yako ina tundu la VGA, lijaribu: kwa kawaida hilo limetengenezwa kwa ajili ya kompyuta, halikati kingo, na mara nyingi hukubali 1360 kwa 768. Kumbuka VGA haibebi sauti, hivyo ongeza waya wa sauti. Kompyuta mpakato za siku hizi nyingi hazina VGA. Hapo utaongeza adapta, na runinga mpya nazo zinaliacha tundu hili. Piga hesabu ya jumla kabla hujanunua.

Fundi au monita

Kwenye baadhi ya runinga za bei nafuu, ukuzaji huzimwa ndani ya menyu ya siri ya mafundi tu. Hapo kumlipa fundi anayeijua modeli yako kuna maana, ila mwambie aandike namba za awali kabla ya kugusa chochote. Akikuambia lazima aiflashi runinga nzima, tafuta maoni ya pili.

Monita ndiyo ghali kuliko zote, hata iliyotumika. Lakini haikati kingo, na anayesoma na kuandika kila siku atapata thamani ya pesa yake. Kwa familia inayochomeka kompyuta Jumamosi kutazama filamu, ni pesa inayopotea bure.

Uchague nini

Anza na rimoti, kisha jina la tundu. Ukishindwa, na unatazama filamu tu, sinyaza picha kwa programu. Kama unasoma maandishi na runinga ni ya zamani, jaribu VGA. Kama kazi yako ya kila siku iko kwenye skrini hiyo, weka akiba ya monita.

Na kama bado hujanunua runinga, nenda dukani na kompyuta yako. Mwombe muuzaji aichomeke, akuonyeshe kwa rimoti pembe zote nne zikiwa zimekamilika, ndipo ulipe. Duka lisilokuruhusu kujaribu, ondoka uende la jirani.