Mwanamke Aliyewapa Wataalamu Kipimo cha Mbingu

Ulimwengu unatanuka. Galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, huzidi kutengana kadiri anga lililo baina yake linavyopanuka. Ni wachache wanaomjua mwanamke ambaye kazi yake ya subira iliwafungulia wataalamu njia ya kulifahamu jambo hilo.

Jina lake ni Henrietta Leavitt, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1868. Katika kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard, kuelekeza darubini angani ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walikaa mezani wakichambua picha za nyota zilizopigwa juu ya vioo, kwa ujira wa takriban senti 30 kwa saa. Leavitt, ambaye usikivu wake ulikuwa umepungua sana, alizikagua picha hizo kwa miaka mingi.

Mwaka 1912 alibainisha kanuni moja. Ziko nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kufifia kwa vipindi maalumu. Kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu, ndivyo mwanga halisi wa nyota unavyokuwa mkali zaidi. Mfano wake ni karabai ya mvuvi usiku: anayejua ukali wake ikiwa karibu, akiiona imefifia baharini, huweza kukadiria iko mbali kiasi gani.

Kwa msingi wa kipimo hicho, Edwin Hubble alionyesha mwaka 1929 kwamba galaksi zilizo mbali zaidi ndizo zinazotukimbia kwa kasi zaidi. Leavitt hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1921 kwa saratani.

Wataalamu walitarajia kuwa mvutano wa vitu vyote ungepunguza kasi ya kutanuka. Mwaka 1998, timu mbili zilizochunguza nyota zinazolipuka zikakuta kinyume: kasi inaongezeka. Kisababishi chake kikaitwa nishati ya giza. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, na hakuna aijuaye hakika yake. Hadi leo, nyota za Leavitt hutumika kuhakiki umbali wa nyota hizo zinazolipuka.

Basi wazazi, binti akiuliza habari za nyota, asiambiwe kuwa elimu hiyo si yake. Fumbo hilo lingali wazi, na Mwenyezi Mungu hakuwajaalia akili wanaume peke yao.