Mfadhiliwa wa uzamivu hadaiwi tasnifu pekee

MWANAFUNZI anayepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu hupokea fedha pamoja na masharti ya mafunzo, na masharti hayo huweza kumlemea kuliko tasnifu yenyewe iwapo hakupewa muda wa kuyatimiza.

Zamani ilitosha kufanya utafiti chini ya msimamizi na kuandika. Nchini Uingereza mtazamo huo ulitikiswa mwaka 2002, wakati ripoti ya Sir Gareth Roberts ilipopendekeza kuwa wanafunzi wanaolipiwa na mabaraza ya utafiti wapate angalau wiki mbili za mafunzo kila mwaka, hasa ya stadi wanazoweza kuzitumia katika kazi yoyote.

Barani Afrika, mfano ulio karibu ni mpango wa CARTA ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere, Nairobi na Moi ni miongoni mwa walioshirikiana nao. Mpango huo uliwalenga watumishi wa taasisi wanachama wanaotafiti afya ya jamii na idadi ya watu, ili wasome bila kuhama bara.

Mfadhiliwa alitakiwa kuhudhuria semina nne za pamoja, kila moja ya wiki kadhaa. Ya kwanza ilihusu kuunda swali la utafiti. Zilizofuata zilihusu mbinu na zana za utafiti, uchambuzi wa data na uandishi. Ya mwisho ilimwandaa kwa maisha baada ya shahada, ikiwamo kuomba fedha za utafiti. Daktari, muuguzi na mwanasosholojia walikaa darasa moja, kila mmoja akilazimika kujieleza kwa asiye wa fani yake.

Mafunzo ya uandishi si pambo. Nchini Kenya, viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilimtaka mtahiniwa wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu.

Tatizo ni muda. Mfadhiliwa wa aina hii ni mwalimu pia. Ana vipindi, mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wake wa kuwasimamia. Akirejea kutoka semina na kukuta vipindi vyote vikimsubiri, mafunzo yamemwongezea mzigo. Wapo pia wasimamizi wanaoziona wiki hizo kama zimeibwa kwenye utafiti, na wana haki kulalamika pale mafunzo yanapokuwa ya jumla mno. CARTA iliandaa warsha za wasimamizi nao.

Kwa hiyo, sharti analowekewa mwanafunzi halina budi kumbana mwajiri pia. Kabla ya kutia saini, mwombaji anapaswa kupata kwa maandishi jibu la mkuu wa idara yake: nani atafundisha madarasa yake akiwa semina, na kwa muda gani.