Anasikia, lakini haelewi: kupima usikivu penye kelele

Karibu kila jamii ina mtu anayesemwa kuwa "husikia anachotaka". Mkiwa wawili nyumbani, mnazungumza vizuri. Lakini kwenye mkutano, sokoni, au mvua inapopiga bati, anajibu visivyo au anakaa kimya. Wengine humwona mwenye kiburi. Mara nyingi tatizo si tabia yake bali ni usikivu.

Kwa nini kelele huleta shida?

Irabu kama a na o zina sauti yenye nguvu. Konsonanti kama s, f na t ni hafifu na nyembamba, lakini ndizo zinazotofautisha neno moja na jingine. Uzee, na pia kufanya kazi miaka mingi penye mashine, kwa kawaida hupunguza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Mahali patulivu mtu hukisia asichokisikia. Penye kelele hata kile kidogo alichokuwa akikipata hufunikwa.

Hospitalini, mgonjwa kwa kawaida husikilizishwa milio katika chumba kitulivu. Kipimo hiki ni muhimu, lakini maisha hayaishiwi katika chumba kitulivu. Watu wawili waliopata majibu sawa chumbani wanaweza kutofautiana sana sokoni.

Kipimo cha tarakimu

Mwaka 2003 Uholanzi ilianzisha kipimo ambacho mtu angeweza kukifanya kwa simu akiwa nyumbani. Afrika Kusini ilizindua chake cha simu za kisasa tarehe 3 Machi 2016, na Shirika la Afya Duniani likatoa programu ya hearWHO mwaka 2019. Vyote hufanya kazi kwa njia moja:

1. Msikilizaji husikia tarakimu tatu, kwa mfano 5-2-8, ndani ya kelele kama ya redio isiyoshika stesheni.
2. Huandika alichosikia.
3. Akipatia, tarakimu zinazofuata huwa ngumu zaidi kusikika. Akikosea, huwa rahisi zaidi.
4. Baada ya dakika chache hupatikana kiwango ambacho hupatia karibu nusu ya majaribio.

Mwenye masikio mazima huendelea kupatia hata kelele inapozidi sauti ya msemaji. Anayehitaji sauti iizidi kelele anapaswa kwenda kupimwa zaidi.

Lugha nayo ni muhimu

Tarakimu zilichaguliwa kwa sababu hata asiyesoma sana huzijua. Hata hivyo, watafiti wa Afrika Kusini waliona kuwa wasiokimudu Kiingereza vizuri walipata alama za chini katika kipimo cha Kiingereza, ingawa masikio yao yalikuwa mazima. Kwa hiyo mtu apimwe kwa lugha anayoimudu.

Kutafsiri peke yake hakutoshi. Katika Kiswahili, "sita" na "tisa" zina irabu zilezile. Zinatofautiana tu kwa nafasi ya s na t, yaani sauti zilezile zinazopotea mapema. Lazima kila tarakimu irekebishwe ili zote zisikike kwa ugumu unaolingana. Na fikiria mgonjwa anayeelezwa dawa kwenye foleni yenye makelele: kati ya saa sita na saa tisa kuna tofauti kubwa.

Unaweza kufanya nini?

• Punguza kelele kwanza: zima redio, funga mlango, sogea karibu.
• Mtazame unayezungumza naye, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Midomo humsaidia kuelewa.
• Usipige kelele, kwani huharibu umbo la maneno. Sema polepole kidogo na kwa ufasaha.
• Asipoelewa, tumia maneno mengine badala ya kurudia yaleyale.
• Usiulize "Umesikia?" Mwombe akueleze alivyoelewa.
• Mpeleke kituo cha afya. Nta iliyoziba na masikio yanayotoa usaha hutibika. Wengine watahitaji kifaa cha kusaidia kusikia. Usiingize kijiti wala mafuta sikioni.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa usikivu. Huenda baadhi yao hukaa nyuma kwenye mikutano yenu, wakiitikia kwa kichwa bila kuelewa. Katika mkutano ujao, waiteni wakae mbele.